Maji Baridi Yalale Ndani

Taja Begum binti Samad Misgar, mjukuu wa Rasul Misgar wa Zaina Kadal, mtaa wa mafundi shaba wa Srinagar. Rasul ndiye aliyefua pipa la hamamu ya msikiti wao, na kwa maji ya pipa hilo walitawadha watu ambao leo wajukuu wao wana mvi. Samad, mwanawe, alifua birika na mabeseni ya kunawishia wageni, na kila harusi ya maana mtaani ilizungushiwa beseni lake. Watu walisema beseni la Samad ukiligonga kwa kucha, linaimba mpaka umalize chai yako.

Taja hakufua shaba. Kazi yake ilikuwa mkono. Mtoto akizaliwa, kabla hajaogeshwa mara ya kwanza, aliitwa Taja atie mkono majini. Bibi harusi akiogeshwa, aliitwa Taja. Na mtu akifa, waoshaji walipokwisha kuchemsha maji, walimngoja Taja aje, akunje mkono wa kanzu yake ya sufi, atumbukize kiwiko, anyamaze kidogo, halafu aseme, "Ongezeni baridi." Karibu kila mara alisema hivyo. Mwoshaji mmoja, mwanamke mnene mwenye mdomo, jina lake Azi, alimwambia siku moja, "Taja, huyu amekwisha kufa. Unamhofia nini?"

"Huyu ndiye wa kumhofia zaidi," Taja akamjibu. "Aliye hai atapiga kelele."

Azi akanyamaza, na Azi kunyamaza lilikuwa jambo la kusimuliwa mtaa mzima.

Basi mkono huo haukutoka hewani. Ulikuwa na mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ulikuwa mchungu.

Taja aliolewa na Habibullah Bazaz, muuza vitambaa, kijana mpole wa maneno machache. Nyumba ya kina Bazaz ilikuwa na hamamu ya ndani, kile chumba chenye sakafu ya mawe na tanuri chini yake, ambamo familia nzima hukaa, hula na hulala majira ya baridi yote. Lakini pipa lao la maji lilikuwa limechakaa na linavuja. Samad hakumpa bintiye dhahabu nyingi. Alimpa pipa. Alilifua kwa mikono yake, shaba nene iliyong'aa kama uso wa mtu aliyetoka kuoga, akalijengea ukutani juu ya moto, bomba lake likatokeza upande wa pili, kwenye chumba cha kuogea. Siku ya kuliwasha mara ya kwanza alikaa mbele yake akasikiliza maji yanavyoanza kunguruma, akasema, "Hili litawazika wote mnaokaa humu." Alikuwa anasifia unene wa shaba. Baadaye Taja alitamani baba yake angesifia kwa maneno mengine.

Mavyaa wake, Khotan, alilipenda pipa lile kuliko alivyompenda aliyekuja nalo. Khotan alikuwa mwanamke wa maji ya moto. Kwa watu wa rika lake, mgeni aliyetoka kwenye theluji ukimpa maji ya vuguvugu, umemwambia arudi alikotoka. Mgeni akinawa mikono akashtuka na kupuliza vidole, Khotan alitabasamu kama aliyetunzwa shali.

"Maji ya kwako, Khotan, yananyonyoa kuku," wageni walimwambia.

"Kuku wangu hawalalamiki," naye akajibu, kisha akamgeukia Taja. "Ongeza gogo, binti wa fundi. Au kwenu mlifua pipa mkasahau kuni?"

Taja aliongeza gogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wakaza wana wa siku zile.

Wa kwanza kuzaliwa alikuwa Nuzhat. Mtoto mwenye mashavu mekundu, mwenye maswali mengi kuliko majibu yaliyokuwamo nyumbani. Aliwahi kuambiwa kwamba pipa limetengenezwa na babu yake, basi akaliita Babu. Likinguruma alisema, "Babu anakoroma." Likinyamaza alisema, "Babu amekasirika." Kila asubuhi akiamka, kabla hata ya kudai chai yake ya chumvi na mkate, alikwenda chumba cha kuogea kulisalimia bomba. Watu wazima walicheka. Samad akija kumwona mjukuu, mtoto alimtazama yeye, akatazama ukuta, akauliza, "Babu yupi?"

Nuzhat alipokuwa na miaka miwili na kitu, arobaini ya baridi, zile siku arobaini kali kuliko zote, iliingia kwa hasira. Mto uliganda kingoni, barafu ikaning'inia mapaani kama meno. Bomba la maji baridi liliganda, na halikuganda kwao tu. Sasa nyumba zote za mtaa zilikuwa na desturi moja. Wakikuta bomba la baridi limekufa, walifungua la moto kwanza, wakajaza beseni likiwa chini sakafuni, halafu ndipo mtu akatoka uani kuvunja barafu ya mtungi na kuleta maji baridi ya kuchanganyia. Hakuna aliyeona ubaya wake. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao.

Usiku mmoja walilala wageni, wakwe wa wifi yake Taja, watu wa heshima zao. Khotan aliamka kabla ya wote akasukumia tanurini magogo ya mforosadi mpaka pipa likawa linatetemeka ukutani. Wageni walipoanza kujinyoosha, sauti yake ikamfikia Taja jikoni.

"Taja, wageni wataoga kwa maji au kwa dua?"

Taja alifungua bomba, akajaza beseni kubwa. Mvuke ulimpanda usoni hata hakuona ukuta. Akachukua nyundo na ndoo, akatoka uani. Barafu ya mtungi ilikuwa nene siku hiyo kuliko zote. Alipiga, ikamrushia vipande usoni. Alipiga tena. Alikuwa akichota maji ya chini ya barafu aliposikia yowe.

Nuzhat alikuwa ameamka. Alikwenda kumsalimia Babu.

Yaliyofuata Taja hakuyasimulia kwa miaka mingi, na mtaa nao ulikuwa na adabu ya kutomuuliza. Alimkuta mtoto amekwisha kutolewa beseni­ni, yuko mikononi mwa mgeni mmoja mwanamume asiyejua afanye nini. Kanzu ya sufi ya mtoto ilikuwa imekunywa maji yote na bado inatoa mvuke. Taja alikuwa na ndoo ya maji baridi mkononi. Aliinua ndoo ammwagie mwanawe, wala hakufundishwa na mtu, mwili ulimwambia tu. Khotan akamdaka mkono.

"Unataka kumuua kwa baridi? Kifua chake. Lete blanketi."

Na Taja, mkaza mwana mtiifu, akashusha ndoo. Wakampaka mtoto yai pale palipoonekana. Wakamfunika mablanketi mawili juu ya ile kanzu ya moto, wakambeba hivyo mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya usingizi. Alifanya kila lililowezekana. Siku ya pili alianza kusema, kwa sauti ya mtu anayefundisha tu, "Mkirudi waambieni na wengine. Mtu akiungua kwa maji, mvueni nguo haraka, mmwagieni maji ya baridi ya kawaida, muda mrefu, msiache. Usipake kitu..." Kisha akamwona Taja usoni, akakata maneno yake akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nuzhat hakutimiza miaka mitatu. Alifariki theluji ile ile ikiwa bado iko mapaani.

Alipoletwa nyumbani kuoshwa, wanawake walichemsha maji, wakachanganya, wakasema yako tayari. Taja akawaambia wangoje. Alikunja mkono wa kanzu akatumbukiza kiwiko. Akasema, "Ongezeni baridi." Wakaongeza. Akatumbukiza tena. "Ongezeni." Mmoja akataka kumwambia kitu, mwenzake akamkanyaga mguu. Wakaongeza tena mpaka yeye mwenyewe alipotikisa kichwa kwamba sasa ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ya mkono wa Taja.

Matanga yalipokwisha, Samad alikuja na nyundo yake kubwa ya kazi. Hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kuogea, akasimama mbele ya bomba, mzee yule, mabega yanampanda na kushuka. Taja akamfuata.

"Nitalivunja," Samad akasema. "Nilifue mimi, limuue mjukuu wangu, libaki linaning'inia ukutani?"

"Ukilivunja watanunua jingine, Baba. Nalo litachemka vilevile."

"Basi unataka nini? Niambie, maana mimi sijui nifanye nini na mikono hii."

Taja alifikiri. Alikuwa amefikiri siku zote zile za matanga, watu walipodhani analia tu.

"Nifulie chombo cha maji baridi," akasema. "Kikubwa, kizito, chenye kifuniko kizito. Nataka maji baridi yalale ndani, humu humu na sisi, yasigande. Mtu akiingia kuoga ayakute yanamngoja."

Samad alikifua. Kilikuwa chungu cha shaba kipana, tumbo kubwa, mdomo mdogo, na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua. Kiliwekwa mlangoni pa chumba cha kuogea, upande wa ndani. Ndicho chombo cha mwisho cha maana alichofua. Baada ya hapo alipaka bati sufuria za watu tu na kuziba matundu.

Tangu siku hiyo, kila jioni ya baridi, Taja alijaza chungu. Na katika nyumba ile maji baridi yalitangulia kwenye beseni. Baridi kwanza, moto baadaye, kiwiko, halafu mtu. Mtoto haingii kabla ya kiwiko. Khotan aliona ni ujinga.

"Tunalea maji sasa," alisema kwa jirani, kwa sauti ya kusikika. "Tunayalaza ndani kama kichanga. Kesho yatataka nguo."

Taja alikunja mkono wa kanzu. Alijaza chungu.

Habibullah hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja. Aliacha tu kuoga nyumbani. Kila alfajiri alikwenda hamamu ya msikiti, na taulo lake begani, mvua iwe au theluji, mpaka siku aliyokufa. Wakapata mtoto mwingine, Feroz, wakamlea wakamkuza, lakini mumewe Taja hakuwahi tena kufungua lile bomba. Kuna mambo mke na mume huyabeba kila mmoja upande wake, kama ndoo mbili za mti mmoja.

Khotan naye alizeeka. Sukari ilimwingia, miguu ikafa ganzi, akawa wa kuogeshwa, na wa kumwogesha alikuwa ni Taja.

"Ongeza moto, mchoyo wewe," Khotan alilalama akiwa ameketi kwenye kigoda. "Miguu yangu haisikii kitu. Unaniogesha kwa maji ya mtoni?"

"Haisikii, ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana mimi nasikia kwa niaba yako."

Khotan alitukana kidogo, kwa mazoea. Siku moja, mwishoni mwishoni, Taja akimfuta vidole vya miguu, mavyaa alisema bila kuinua kichwa, "Angekuwa na watoto sasa." Hakumtaja jina. Taja akaendelea kufuta. "Ungemmwagia," Khotan akasema. "Ningekuacha ummwagie." Taja alimfunga taulo, akamvalisha soksi, akambeba mpaka kwenye mawe ya moto, akamlaza. Ni hayo tu waliyozungumza juu ya jambo hilo katika maisha yao yote. Khotan alipokufa, Taja ndiye aliyepima maji yake, na hakumpunja.

Ndivyo mkono ulivyopata jina. Watu walianza kumwita nyumba moja, kisha mbili, kisha mtaa. Wengine walimtania, wakamwita Taja Kiwiko, hata wauza mboga mtoni walimjua hivyo. Yeye alijivuna, na haki yake. Mtoto yeyote aliyepitia kiwiko cha Taja hakuungua.

Miaka ikaenda. Feroz akaoa msichana wa ng'ambo ya mto, Ulfat, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi vilevile. Kuni zikawa adimu, hamamu ikazimwa, mawe yakafunikwa zulia. Feroz akajenga chumba kipya cha kuogea chenye vigae, akafunga hita ya umeme ukutani, nyeupe, kubwa kama mtungi wa gesi. Pipa la babu likawekwa stoo, likatiwa mchele. Chungu cha baridi Taja alikataa kisiguswe. Kilihamia kwenye vigae pamoja naye.

Fundi wa umeme alipoifunga hita aliwaonyesha kiduara kidogo cha plastiki chini yake, chenye namba. "Hiki ndicho kinachoamua maji yachemke kiasi gani," alisema. "Nyumba yenye mtoto au mzee, msivuke hapa, chini kidogo ya hamsini. Ukikipeleka mwisho, maji yataunguza ngozi kabla hujasema jina lako." Taja alipenda sana maneno hayo. Alimwomba Ulfat rangi yake ya kucha, akatia nukta nyekundu pale pale fundi alipoweka kidole.

"Mama, umeipaka hita rangi ya kucha," Ulfat akacheka. "Bado wanja."

"Utaipaka wewe, ukiolewa nayo."

Lakini umeme wa Srinagar wakati wa baridi ni mgeni anayekuja akitaka na kuondoka bila kuaga. Unakatwa asubuhi, unakatwa jioni, na usipokatwa unakuwa dhaifu kama chai ya mchoyo. Watu wakajifunza hila: umeme ukirudi, wanazungusha kiduara mpaka mwisho, maji yachemke kwelikweli, ili hata ukikatwa tena yabaki ya moto. Feroz naye alifanya hivyo. Taja akakuta nukta imeachwa nyuma, akarudisha. Feroz akapandisha tena.

"Feroz, nani anagusa hita?"

"Mimi, Mama. Umeme ukikatika tutaoga nini?"

"Tutaoga vuguvugu."

"Wewe umelelewa kwenye theluji. Sisi wengine ni watu wa kawaida."

Aliishusha mbele ya mama yake. Ulfat alipojifungua mtoto wa kike, Maheen, wakati majani ya miti ya mchinari yanaanguka, Feroz aliapa hataigusa tena. Na kwa muda hakuigusa.

Kumwogesha Maheen kukawa kazi ya bibi. Kila siku Taja alitangulia, akamimina baridi kutoka kwenye chungu cha baba yake, kisha moto kutoka kwenye bomba mpaka kwenye mstari wa beseni anaoujua, akakunja mkono, akapima. Ulfat alisimama mlangoni na mtoto kwenye taulo, akingoja ruhusa kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Mama, hata supu unaipima kwa kiwiko?"

"Supu haina mama wa kumlilia."

Jambo moja Taja hakumwambia mtu. Tangu majira ya joto vidole vyake vilikuwa vinamtoroka. Alishona kifungo akaona damu kwenye kitambaa ndipo akajua amejichoma. Alikumbatia kijungu chake cha makaa chini ya kanzu, kama kila mtu wa Srinagar siku za baridi, na siku moja Ulfat akasikia harufu ya ngozi kabla yeye hajasikia chochote. "Nilisinzia," Taja akasema. Sukari ile ile ya mavyaa wake ilikuwa imemfikia. Alijua dalili zake, alikuwa amezifuta kwa taulo miaka. Lakini mtu aliyeitwa na mtaa mzima kwa ajili ya mkono wake, amwambie nani kwamba mkono umekufa ganzi? Akaficha. Akawa anatia kiwiko, kisha anatia na kiganja, ili awe na uhakika. Vyote viwili vilimwambia shwari. Hakujiuliza kwa nini vinamwambia shwari kila siku, bila hata siku moja kulalamika.

Arobaini ya baridi ikaingia. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi alasiri. Maheen alikuwa na kikohozi. Feroz, kabla ya kwenda dukani, aliingia chumba cha kuogea akazungusha kiduara mpaka mwisho. Alifikiri: mtoto ni mgonjwa, maji yasije yakapoa. Hakumwambia mtu, akaondoka.

Jioni Taja akaandaa beseni. Baridi kwanza, kipimo cha siku zote. Moto mpaka mstari wa siku zote. Mvuke ulikuwa mwingi, lakini siku za baridi kali mvuke huwa mwingi. Kiduara hakukitazama, hita ilikuwa juu, na macho yake nayo yalikuwa yamechoka. Alitegemea mkono. Akatumbukiza kiwiko, akatumbukiza kiganja, akakiacha humo.

"Yako sawa," akasema. "Mlete."

Ulfat aliingia na mtoto kifuani, ameshamvua. Alikuwa katika hali ya utani siku ile, maana kikohozi cha mtoto kilikuwa kimepungua. "Ngoja," akasema. "Leo na mimi nitapima kama Taja Kiwiko." Akakunja mkono wa kanzu kwa madaha, akafunga macho, akakunja midomo vile vile mavyaa wake anavyokunja, akainama, akagusisha kiwiko majini.

Aliruka nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Mtoto akaanza kulia kwa kushtuliwa.

"Acha utani, utamwangusha," Taja akasema.

"Mama, yanaunguza."

"Hayaunguzi. Nimepima."

"Mama." Sauti ya Ulfat ilikuwa ndogo. "Toa mkono."

Taja akatazama chini. Mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya beseni. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, mwekundu kama shaba iliyotoka motoni, na yeye hakusikia kitu. Aliutazama kama wa mtu mwingine.

Ulfat alimlaza mtoto juu ya magodoro ya chumba cha pili, akamfunika, akarudi mbio. Akauvuta mkono wa mavyaa wake, akamvua bangili, akafunua kile chungu, akaanza kuumwagia maji baridi kwa kopo. Kopo baada ya kopo. Maji yalitiririka kwenye vigae mpaka miguuni mwao.

"Hutaniua kwa baridi?" Taja akauliza.

"Nani anakufa kwa baridi ya mkono? Tulia."

"Basi usiache. Muda mrefu. Usipake kitu."

"Siachi, Mama."

Taja akaketi kwenye kigoda kile kile cha Khotan. Ulfat alikuwa amepiga magoti majini, anamwagia. Mtoto chumba cha pili alikuwa amenyamaza, anazungumza peke yake na dari. Ndipo Taja aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza mapishi, "Nuzhat hakufa kwa homa. Najua walikwambia homa. Nilitangulia kuweka moto, nikatoka kufuata baridi. Nilirudi na ndoo mkononi, nikaishusha."

Ulfat aliacha kumwaga kidogo tu, akaendelea. Machozi yalimtoka lakini mkono wake haukusimama, na Taja aliliona hilo.

Feroz aliporudi aliwakuta hivyo. Alitazama beseni, akatazama mkono wa mama yake, akatazama hita. Hakuulizwa. Alikwenda akashusha kiduara mpaka kwenye nukta nyekundu.

"Nilifanya kwa ajili ya mtoto," akasema.

"Najua," Taja akasema. "Bibi yako naye alifanya kwa ajili ya wageni."

Feroz akaketi mlangoni palipolowa.

Mkono ulitoka malengelenge, ukafungwa hospitalini, ukapona nje. Ndani ulibaki vilevile, hausemi. Wiki hiyo walikuja watu wa nyumba ya tatu, wamepata mjukuu, wakamwita Taja aje kupima. Aliutazama mkono wake wenye bandeji mapajani. Maisha yake yote hakuwahi kukataa. Halafu akamwita Ulfat, aliyekuwa anakanda unga jikoni.

"Nawa mikono," akamwambia. "Utakwenda wewe."

"Mimi? Mama, watanicheka. Wanamtaka Taja Kiwiko."

"Taja Kiwiko hayupo tena. Ulimwona mwenyewe." Akamvuta aketi karibu naye. "Sikiliza. Baridi kwanza. Ukikuta wameanza na moto, mwaga, waanze upya, hata wakinuna. Uliza hita yao imewekwa wapi. Ikiwa juu, ishushe wewe mwenyewe, usingoje mwanamume. Kiwiko, si kiganja. Na usiamini mkono unaokwambia shwari kila siku. Siku ukianza kukosa hisia, na utaanza, mtafute mwingine mapema. Usifiche kama mimi."

Ulfat alikuwa anafuta unga vidoleni, taratibu, kimoja kimoja.

"Ukirudi, jaza chungu," Taja akaendelea. "Tangu leo ni chako. Na kuna kazi moja zaidi, hiyo bado kidogo. Nitakapokufa, waoshaji watachemsha maji, nao siku zote huyachemsha kupita kiasi. Usimwachie Azi. Utakunja mkono wa kanzu, utapima wewe, mbele yao wote. Yakiwa ya moto, uwaambie waongeze baridi. Mimi sitaweza kusema."